Nyumba Yao, Hati Yao: Jengo la Wanawake la San Francisco

Ukimwambia mtu kwamba unakwenda San Francisco, cha kwanza atakachokutajia ni lile daraja la rangi ya chungwa. Cha pili ni vile vitreni vinavyopanda vilima huku vikivutwa kwa kebo. Na kama ni mtu wa mambo ya kompyuta, hapo atakukalisha kitako, akupigie hadithi za makampuni ya teknolojia na mishahara yao mpaka uchoke. Ni wachache sana watakaokwambia habari za jengo moja kuukuu lililopo mtaa wa Mission, barabara ya 18, ambalo kuta zake mbili zimejaa picha za wanawake kuanzia chini mpaka kwenye paa.

Mimi nakwambia hivi: kama una siku moja tu katika mji ule, daraja utaliona kwenye kadi za posta. Panda treni uende Mission.

Jengo lenyewe linaitwa The Women's Building, yaani Jengo la Wanawake. Halina jina la mfadhili wala la mwanasiasa. Ni la wanawake, na hati ni yao, basi. Limepona moto, bomu, hofu ya matetemeko na kitu ambacho mjini huua nyumba nyingi kuliko moto: bei ya ardhi. Namna lilivyopona ni somo zuri kwa yeyote anayelipa pango kila mwezi huku akiota kuwa na chake, na najua wengi mnaosoma ukurasa huu mko kwenye kundi hilo.

MTAA WENYE JUA LAKE

Tuanze na mtaa wenyewe. San Francisco ni mji wa baridi, usidanganywe na neno California. Mwezi wa saba, watu wa nchi nyingine wakiwa wanaogelea baharini, wewe utajikuta unanunua sweta njiani. Ukungu unaingia kutoka baharini mchana kweupe na kufunika nusu ya mji. Lakini Mission iko nyuma ya vilima, na vilima hivyo huzuia ukungu mwingi, kwa hiyo jua hukaa huku hata pale vitongoji vingine vinapotetemeka.

Jina la mtaa limetokana na kanisa la misheni lililoanzishwa na mapadri wa Kihispania mwaka 1776. Kanisa dogo la matofali ya udongo lililokamilika mwaka 1791 lipo mpaka leo, na ni miongoni mwa majengo ya kale kuliko yote mjini. Baadaye wakaja Wajerumani, Waayalandi na watu wa nchi za Skandinavia. Halafu, hasa kuanzia miaka ya 1950, Wameksiko na watu wa Amerika ya Kati wakaufanya mtaa kuwa wao. Ndiyo maana hata leo utasikia Kihispania dukani, kwenye basi na kanisani, na utakula vizuri kwa pesa ambayo haitakuliza.

Ukishuka kituo cha treni cha 16th Street Mission, usiwe na haraka. Tembea kuelekea barabara ya 18, na kabla hujafika katiza kwenye kichochoro kinachoitwa Clarion Alley, ambacho wasanii wamekuwa wakikipaka michoro tangu mwaka 1992. Kichochoro kitakutoa barabara ya Valencia. Geuka kushoto, halafu ukifika barabara ya 18 geuka kulia. Hatua chache tu na utaliona jengo. Hata kama hujui kusoma ramani, hili haliwezi kukupita.

UKUTA UNAOONGEA

We acha tu! Nimeona michoro mingi ya ukutani katika safari zangu, lakini huu ni habari nyingine. Unaanza upande wa barabara ya 18, unakata kona na kuendelea upande wa kichochoro cha Lapidge, ghorofa hadi ghorofa, hata madirisha yanaonekana kama sehemu ya picha. Utasimama, utainua kichwa, na baada ya dakika tano shingo itaanza kukudai.

Mchoro unaitwa MaestraPeace. Jina lina ujanja wake. Kwa Kihispania, maestra ni mwalimu wa kike, au fundi wa kike aliyebobea. Neno la pili ni la Kiingereza na maana yake ni amani. Ukiyatamka yote kwa pamoja, sikio la Mwingereza linasikia pia neno la kazi bora ya sanaa. Maana tatu ndani ya neno moja.

Ulichorwa na wanawake saba na kukamilika mwaka 1994: Juana Alicia, Miranda Bergman, Edythe Boone, Susan Kelk Cervantes, Meera Desai, Yvonne Littleton na Irene Perez. Ukiyasoma majina hayo taratibu utaona wenyewe hawakuwa wa kabila moja wala asili moja. Wasaidizi wa kujitolea nao walipanda majukwaa na makopo yao ya rangi.

Ukiangalia vizuri utamwona Rigoberta Menchú, mwanamke wa Kimaya kutoka Guatemala aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1992. Yupo Audre Lorde, mshairi Mmarekani Mweusi. Yupo Georgia O'Keeffe, mchoraji wa maua na mifupa ya jangwani. Na kwa sisi watoto wa Afrika kuna la kututoa machozi: yupo Yemayah, mama wa maji katika imani za Wayoruba, aliyevuka Atlantiki pamoja na watu waliochukuliwa utumwani na kubaki mioyoni mwa wajukuu zao.

Halafu kuna nakshi kama za vitambaa zinazopita ukutani, zikiunganisha picha moja na nyingine. Kwa mtu aliyekulia nyumba yenye kanga, jicho litakwenda huko lenyewe. Na kama kanga, ukuta huu nao una maandishi: majina ya wanawake mia kadhaa yameandikwa kwa mwandiko wa kuvutia katikati ya michoro. Baadhi ni watu mashuhuri, wengine utahitaji kuuliza. Watu husimama pale wakitafuta jina wanalolijua, na wakilipata wanaonyeshana kwa vidole kama watoto.

KABLA HALIJAWA LAO

Usidhani jengo lilijengwa kwa ajili ya wanawake. Hapana. Lilijengwa mwaka 1910, miaka minne baada ya lile tetemeko kubwa la 1906 na moto uliofuata, ambao uliteketeza sehemu kubwa ya mji na kuzimwa karibu kabisa na hapa, kwenye barabara ya 20. Waliojenga walikuwa Wajerumani wa chama cha mazoezi ya viungo. Wajerumani wa zama zile walipohamia ughaibuni walibeba na vyama vyao: mazoezi, kuimba, kunywa bia na kuzungumza siasa, vyote chini ya paa moja. Ndiyo sababu jengo lina ukumbi mkubwa na dari ya juu, si vyumba vidogo vidogo.

Mwaka 1935 likapita mikononi mwa chama cha Wanorwei, wakaliita Dovre Hall, jina la milima ya kwao. Kwa miaka zaidi ya arobaini lilikuwa mahali pa harusi zao, ngoma zao na mikutano yao. Lakini watoto wa wahamiaji husoma, hupata kazi, huhamia vitongoji vyenye bustani. Taratibu chama kikabaki na wazee na jengo kubwa la kulitunza.

Wakati huohuo, kundi la wanawake lililojulikana kama San Francisco Women's Centers, lililoanzishwa mwaka 1971, lilikuwa na tatizo la kinyume: watu wengi, mahali hakuna. Miaka ile ya 1970 wanawake wa Marekani walikuwa wanaanzisha kila kitu kwa mara ya kwanza. Huduma kwa waliobakwa. Nyumba za kuwahifadhi wanawake wanaopigwa na waume zao. Vikundi vya sanaa, vya afya, vya sheria. Kumbuka ilikuwa mwaka 1974 tu ndipo sheria ya nchi nzima ilipokataza benki kumnyima mwanamke mkopo kwa sababu ya jinsia yake au kwa sababu hana mume. Mwaka 1974! Kwa hiyo miaka mitano baadaye, mwaka 1979, wanawake hawa waliposema wanataka kununua jengo zima mjini, wapo waliodhani ni mzaha.

Wakanunua. Hutajwa kuwa kituo cha kwanza cha jamii nchini Marekani kumilikiwa na kuendeshwa na wanawake.

MOTO WA FEBRUARI

Furaha haikukaa sana. Februari 1980, jengo lilichomwa moto kwa makusudi. Mwaka huohuo bomu la kutengenezwa kwa bomba likalipuka kwenye ngazi za mbele, na vitisho vya simu vikawa jambo la kawaida. Usishangae. Jengo la wanawake peke yao, wengine wakiwa wanawake wanaopenda wanawake na hawafichi, wengine wakiwa wamewakimbia waume zao, lilikuwa na maadui wengi kuliko marafiki katika baadhi ya vichwa.

Sasa jiweke wewe pale. Umenunua nyumba juzi kwa mkopo, rejesho linakuja kila mwezi, na nyumba imeungua. Mpangaji angefungasha. Hawa hawakuwa wapangaji. Wakasafisha masizi, wakapitisha bakuli la michango, wakafungua milango. Deni waliendelea kulilipa mwaka hadi mwaka mpaka katikati ya miaka ya 1990, ndipo jengo likawa lao bila mtu wa kuwadai. Kwa wenzangu mnaojua raha ya siku ile kikoba kinapomaliza mkopo wake, zidisha raha hiyo mara miaka kumi na mitano.

WAPANGAJI WALIORITHIWA

Ukinunua jengo kuukuu unanunua na mambo yake. Wanawake hawa walirithi baa. Ghorofa ya chini, pembeni kabisa, palikuwa na Dovre Club, baa yenye wateja wa Kiayalandi, waandishi wa habari na wanasiasa wa mtaani, na baa ilikuwa na mkataba wake. Hebu fikiria: juu mwanamke anatafuta msaada kwa sababu mume mlevi amemtoa damu, chini watu wanagonga glasi. Kwa miaka mingi waliishi hivyo hivyo, kwa heshima na kwa mikwaruzo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 baa ikahama. Ipo mpaka leo mtaa huohuo wa Mission, kusini zaidi kwenye barabara ya Valencia, na wapo wazee wenye mapenzi yao ambao bado wanaona walionewa.

Naieleza habari hii kwa sababu tunapenda kuzungumzia kuhifadhi majengo kama vile ni jambo la upande mmoja, wema dhidi ya wabaya. Kumbe ukumbusho wa mmoja ni usumbufu wa mwingine. Wanorwei walikuwa na historia yao mle ndani. Wajerumani nao. Wapenzi wa baa nao. Kila aliyeingia alilazimika kuamua abakize nini na aondoe nini.

Na wanawake wenyewe hawakuwa malaika. Wengi waliokuwa mstari wa mbele miaka ya 1970 walikuwa Wazungu, na mtaa ulikuwa wa Walatino. Swali likaja, na lilikuwa la haki: hili ni jengo la wanawake gani? Mama wa Kisalvador anayefua nguo hotelini na hajui Kiingereza, je, mlango huu ni wake pia? Jibu halikuja siku moja. Lilikuja kwa kubadilisha viongozi, kwa kuweka wafanyakazi wanaozungumza Kihispania, kwa kuleta huduma ambazo mama yule anazihitaji kweli. Ukiutazama mchoro wa ukutani ukiwa na swali hilo kichwani utaelewa kwa nini wachoraji walikuwa mchanganyiko na kwa nini nyuso za ukutani ni za dunia nzima.

MAJIRANI WALIOTOWEKA

Hapa ndipo penye kiini cha safari yangu. Barabara ya Valencia, hatua chache kutoka jengoni, zamani ilikuwa maarufu kama barabara ya wanawake. Palikuwa na duka la vitabu la Old Wives' Tales lililofunguliwa mwaka 1976. Palikuwa na Osento, nyumba ya kuogea ya wanawake. Palikuwa na Amelia's, baa ya wanawake. Mwanamke aliweza kushinda siku nzima pale, akanunua kitabu, akaoga, akala na kucheza muziki bila kusumbuliwa.

Leo ukitembea na orodha hiyo mkononi hutapata hata moja. Amelia's ilifunga mwaka 1991. Duka la vitabu mwaka 1995. Osento mwaka 2008. Lexington Club, baa ya jirani iliyokuwa kimbilio la wanawake wanaopenda wanawake tangu mwaka 1997, ilifunga mwaka 2015, na mwenyewe alieleza wazi kwamba pango limepanda na wateja wake hawawezi tena kuishi mtaani.

Kila moja ilikuwa na sababu zake, sitaki kuzitia zote kapu moja. Lakini hewa iliyozizunguka ilikuwa moja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja mvumo wa kwanza wa kampuni za intaneti, na vijana wenye mishahara minono wakaigundua Mission na jua lake. Mvumo ukapasuka, pango likashuka kidogo, halafu miaka ya 2010 ukaja wa pili wenye nguvu zaidi. Mabasi makubwa ya kifahari ya makampuni ya teknolojia yakawa yanasimama kwenye vituo vya mabasi ya umma asubuhi, yakibeba wafanyakazi kuwapeleka kusini. Desemba 2013 wakazi walilizuia basi moja pale Valencia na barabara ya 24, na picha zikazunguka dunia. Hawakuwa na ugomvi na basi. Walikuwa wanahamishwa majumbani mwao.

Katika dhoruba yote hiyo The Women's Building halikutikisika, na sababu si ngumu. Hakuna mwenye nyumba wa kuwapandishia kodi.

KIBAO AU HATI?

Jengo lina heshima za serikali pia. Jiji lililiweka kwenye orodha ya majengo yake ya kumbukumbu miaka ya 1980, na mwaka 2018 likaingizwa kwenye Orodha ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria. Ni heshima kubwa, na si kwa sababu ya urembo wa nguzo na madirisha tu. Lilitambuliwa kwa yaliyofanyika ndani yake.

Lakini tuambizane ukweli. Watu wengi wanadhani jengo likiingia kwenye orodha ya taifa la Marekani basi limeokoka. Sivyo. Orodha ile humpa mwenye jengo hadhi na nafasi ya kuomba ruzuku au nafuu ya kodi, lakini haimzuii mmiliki binafsi anayetumia pesa zake mwenyewe kulibadilisha, na hata kulibomoa. Kanuni za jiji ndizo zenye meno zaidi, na zenyewe hulinda zaidi kile kinachoonekana kwa nje. Hakuna kibao kinachoweza kulazimisha ukumbi wa juu ubaki ukumbi wa wanawake maskini badala ya kuwa mgahawa wa watu wa kahawa ya bei mbaya. Ungeweza kabisa kuwa na ukuta wenye Rigoberta Menchú kwa nje na ofisi za kampuni ya programu za simu kwa ndani, na kila sheria ingekuwa imefuatwa.

Kinachozuia hilo ni hati. Mwenye hati ndiye anayeamua nani anaingia na kwa bei gani.

Na mwenye hati ndiye anayelipa fundi, hilo nalo tusilisahau. Tarehe 17 Oktoba 1989 tetemeko la Loma Prieta liliua watu 63 katika eneo lile, na baada yake jiji likawabana wenye majengo ya zamani ya matofali yasiyo na nondo wayaimarishe. Kazi ya namna hiyo si ya mchezo: unavunja ukuta uingize chuma, unafunga vyumba, wapangaji wanahama, mapato yanakauka huku bili zinapanda. The Women's Building nalo lilipitia ukarabati mkubwa wa kuliimarisha mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2010, jengo lilipofikisha miaka mia moja, michoro iliendelezwa mpaka ndani ya ukumbi wa kuingilia. Mwaka 2012 mchoro wa nje ulioshwa na kupakwa upya, maana jua lile tulilolisifia hapo juu linaula ukuta taratibu.

NDANI KUNA NINI?

Wageni wengi hupiga picha nje na kuondoka. Kosa! Kazi yenyewe iko ndani. Kuna mashirika yaliyopanga ofisi, na kumbi zinazokodishwa kwa mikutano, ngoma na sherehe, na pesa hizo ndizo sehemu ya roho ya jengo. Kuna chumba cha huduma ambako mtu anaingia bila miadi na kuuliza: natafuta kazi, nimefukuzwa nyumba, sina karatasi za uhamiaji, nianzie wapi? Kuna msaada wa kujaza fomu za kodi bila malipo msimu wake ukifika. Kuna mgao wa chakula kila wiki, na foleni yake hufika nje, ng'ambo tu ya migahawa ambako watu wanasubiri meza kwa saa nzima. Mstari wa njaa na mstari wa hamu, kwenye barabara moja.

Sikuona huruma ya kujionyesha mle. Niliona kazi. Mama anaingia na mtoto mgongoni, anaelekezwa kwa Kihispania, anakaa, anasaidiwa, anaondoka. Hakuna aliyemtaka asimulie masaibu yake kwanza ndipo aonekane anafaa.

NA SISI JE?

Mkirudi nyumbani jioni, wewe na mwenzi wako, zungumzeni jambo hili. Sisi watu wa mijini tunajua kuona nyumba zikipotea. Kariakoo ya nyumba za Kiswahili, zenye ua na baraza, imemezwa na maghorofa mbele ya macho yetu, na pamoja na nyumba zile zimekwenda baraza ambako bibi zetu walikutana, wakalea, wakasuluhisha ndoa na kucheza upatu. Tunasikitika, tunapiga picha, maisha yanaendelea.

Swali ambalo The Women's Building linatuuliza halihusu kusikitika. Linauliza: karatasi iko kwa jina la nani? Akina mama wetu wana vikundi vyenye miaka kumi, ishirini, vyenye mamilioni yanayozunguka, na bado vinakutana sebuleni kwa mwenyekiti au chini ya mwembe wa mtu. Siku mwenyekiti akihama au mwembe ukiuzwa, kikundi kinahama nao. Je, vikundi vitatu vikiungana, haviwezi kununua kiwanja kimoja?

Na ndani ya nyumba zetu wenyewe, hati ina majina mangapi? Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi sawa na mwanamume. Sheria ipo. Lakini ni wanandoa wangapi vijana wanaochanga pamoja, wanakopa pamoja, wanachagua vigae pamoja, halafu siku ya kwenda ofisi ya ardhi anakwenda mmoja? Si lazima pawe na ubaya wowote. Ni uvivu tu, au aibu ya kuuliza. Uliza. Mwenzi anayekupenda hatakasirika kuona jina lako pembeni ya lake.

UKIENDA NA MWENZI WAKO

Jengo liko namba 3543 barabara ya 18, kati ya Valencia na Guerrero. Kutoka uwanja wa ndege wa San Francisco, treni ya BART inakufikisha mpaka 16th Street Mission bila kubadilisha. Angalieni saa za kufungua kabla ya kwenda, na ulizeni kama kuna matembezi ya kuelezwa mchoro siku hiyo.

Asubuhi ndiyo nzuri kwa picha. Anzieni upande wa barabara ya 18, kisha zungukeni Lapidge, mvuke ng'ambo mpate ukuta wote.

Mkiona njaa, pandeni barabara hiyohiyo ya 18. Kwenye kona ya Guerrero kuna Tartine, duka la mikate lililofunguliwa mwaka 2002 na mke na mume, Elisabeth Prueitt na Chad Robertson, yeye keki, mwenzake mikate. Foleni ipo, lakini inatembea. Mbele kidogo, kona ya Dolores, kuna aiskrimu ya Bi-Rite. Chukueni vikombe vyenu mvuke barabara mpaka bustani ya Dolores, mkae majanini upande wa juu, mji wote uko chini yenu. Wenye njaa ya kiume, shukeni Mission Street mpaka karibu na barabara ya 25, La Taqueria, wanapika tangu mwaka 1973.

Bebeni sweta, jua likishuka baridi haiulizi. Na mkiikuta foleni ya chakula nje ya jengo, tafadhali shusheni kamera. Picha za ukutani zimewekwa ili zitazamwe. Wale walio chini yake wamekuja kuchukua chakula chao waende nyumbani.